Elsie de Wolfe: Mpambaji aliyetanguliza masharti kabla ya mapazia

Mwanzoni mwa karne ya 20, tajiri wa jiji la New York aliyetaka nyumba yake ipambwe alikuwa na watu wawili wa kuwaendea: msanifu majengo aliyeichora nyumba yenyewe, au mwenye duka la samani na mapazia. Msanifu alikuwa na michoro ya kutetea, naye mwenye duka alikuwa na bidhaa za kuuza. Si ajabu kwamba wengi waliishia kuishi katika vyumba vilivyowaridhisha wauzaji kuliko vilivyowaridhisha wao wenyewe.

Elsie de Wolfe, aliyeaga dunia mnamo Julai 12, 1950 akiwa na umri wa miaka 90, ndiye anayetajwa zaidi kuwa aliigeuza kazi hiyo ikawa taaluma inayojitegemea. Sifa hiyo imetiwa chumvi kidogo, maana Candace Wheeler, Mmarekani mwenzake, alikuwa ameianza miaka mingi kabla yake. Hata hivyo, namna de Wolfe alivyopanga uhusiano wake na waliomwajiri inastahili kukumbukwa hata na wasiojali rangi za kuta.

Alizaliwa New York mnamo Desemba 20, 1859, binti wa daktari. Sehemu ya masomo yake aliipata Scotland, na mnamo 1885 alitambulishwa rasmi mbele ya Malkia Victoria jijini London. Maisha hayo ya kifahari hayakudumu. Baba yake alifariki mnamo 1890 na kuiachia familia madeni, na mwaka uliofuata binti huyo akaingia katika jukwaa la michezo ya kuigiza ili ajipatie riziki. Hakuwa mwigizaji mwenye kipaji kikubwa. Wahakiki walizungumzia zaidi mavazi yake, ambayo aliyaagiza kutoka Paris, kuliko uigizaji wake.

Jambo lililomfaa zaidi katika miaka hiyo lilitokea nje ya jukwaa. De Wolfe aliishi na Elisabeth Marbury, wakala mashuhuri aliyewawakilisha waandishi wa tamthilia, akiwemo Oscar Wilde. Kazi ya Marbury ilikuwa kuhakikisha kwamba mwandishi analipwa kwa asilimia ya mapato badala ya kupewa kiasi kidogo cha fedha mara moja na kusahauliwa. Si kukisia kupita kiasi kusema kwamba de Wolfe alijifunza hesabu za mikataba akiwa nyumbani, mezani.

Nyumba waliyopanga pamoja katika mtaa wa Irving Place ndiyo iliyokuwa tangazo lake la kwanza. Ilikuwa imesheheni mapazia mazito na mapambo mengi kama ilivyokuwa desturi ya enzi hiyo. De Wolfe aliyaondoa mengi, akapaka rangi nyeupe mahali palipokuwa na mbao za giza, akaruhusu mwanga upenye. Wageni, wakiwemo watu wenye fedha na wenye majina, walikaa katika viti hivyo, wakala chakula katika chumba hicho, na hatimaye wakaanza kuuliza maswali. Kwa hivyo mteja alipomwendea alikuwa tayari anajua anachokwenda kununua.

Mnamo 1905 aliacha uigizaji. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa Colony Club, klabu ya wanawake wa tabaka la juu iliyokuwa ikijengewa makao katika barabara ya Madison Avenue. Marbury alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Baadhi ya wanakamati walitilia shaka uamuzi wa kumkabidhi kazi nzito kama hiyo mtu asiye na mafunzo. Msanifu wa jengo hilo, Stanford White, alimtetea na kuwataka wamwachie nafasi.

Kufanya kazi na kamati ni shughuli ngumu kuliko kufanya kazi na mtu mmoja, kwa sababu kamati haina kiti inachokipenda wala kitanda inachokilalia. De Wolfe alilitatua tatizo hilo kwa kuwatazama wanachama badala ya wanakamati. Hawa walikuwa wanawake waliotaka mahali pa kukutana, kupumzika, kula na kufanya mazoezi bila ya waume zao. Klabu za wanaume zilikuwa za ngozi nyeusi na mbao nzito, yeye hakuziiga. Alileta viti vya henzirani, rangi nyepesi, na vitambaa vya pamba vya maua vilivyozoeleka katika nyumba za mashambani za Uingereza. Chumba kimoja alikizungushia fito za mbao zilizopishana, mithili ya bustani iliyohamishiwa ndani.

White hakuyaona matunda ya utetezi wake, kwani aliuawa kwa kupigwa risasi mnamo Juni 1906. Klabu ilifunguliwa mwaka uliofuata. Waliokuwa wakinong'ona walinyamaza, na maombi ya kazi yakaanza kumiminika kutoka New York hadi California. Miongoni mwa kazi zake ilikuwamo Brooks Hall, bweni la wanafunzi wa kike wa Chuo cha Barnard. Mnamo 1913 ilichapishwa The House in Good Taste, kitabu kilichobeba jina lake ingawa sehemu kubwa ya maandishi iliandaliwa na mwandishi mwingine, Ruby Ross Goodnow, ambaye baadaye naye alikuja kuwa mpambaji mashuhuri. Hoja yake kuu ni kwamba chumba kimfae anayekitumia: taa iwe karibu na mahali anaposomea, na meza ya kuandikia iwe mahali ambapo mtu ataandika kweli.

Wakati huo Henry Clay Frick alikuwa akijenga jumba lake katika barabara ya Fifth Avenue. Frick, aliyetajirika kwa makaa na chuma cha pua, hakuwa mtu wa kuchezewa. Ndiye aliyekabiliana na wafanyakazi waliogoma katika kiwanda cha Homestead mnamo 1892, mgogoro uliomwaga damu, na mwaka huo huo aliponea chupuchupu jaribio la kumuua ofisini mwake. Alikuwa mkali kwa kila senti. Vyumba vikuu vya chini vilipewa Charles Allom wa London, naye de Wolfe akapewa sehemu kubwa ya vyumba vya faragha vya ghorofani, hasa vya mke na binti wa tajiri huyo.

Hapa ndipo masharti yalipotangulia mapazia. Walikubaliana kwamba Frick angemlipa de Wolfe kamisheni ya asilimia 10 ya thamani ya vitu vilivyonunuliwa, naye de Wolfe hangepokea chochote kutoka kwa wauzaji. Sharti hilo la pili ndilo lililokuwa na uzito. Katika biashara ya vitu vya kale ilikuwa kawaida kwa mpambaji kulipwa na mteja upande mmoja na kupewa kitu kidogo na muuzaji upande wa pili, huku bei ikipandishwa ili kugharimia yote mawili. Mkenya yeyote aliyewahi kumtuma fundi dukani kununua saruji au vigae anaelewa jambo hili bila ya kufafanuliwa.

Mpango huo ulikuwa na kasoro yake. Anayelipwa kwa asilimia hana sababu ya kutafuta cha bei nafuu. Kinga ya Frick ni kwamba kauli ya mwisho juu ya kila kitu ilibaki yake, na alikuwa na jicho la kutosha kukataa asichokitaka. De Wolfe naye alikuwa na hakika kwamba hangelazimika kujitetea dhidi ya tuhuma za kula njama na wauzaji.

Faida ya makubaliano hayo ilionekana Paris, muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Jacques Seligmann, muuzaji wa kazi za sanaa, alikuwa amenunua samani na vitu vya thamani kutoka mkusanyiko wa familia ya Wallace uliohifadhiwa katika barabara ya Rue Laffitte. Kwa mujibu wa kumbukumbu ambazo de Wolfe alizichapisha mnamo 1935, Frick alikuwa na miadi ya kucheza gofu na alimpa nusu saa tu. Wakapita vyumbani kwa hatua za haraka, tajiri akinunua kitu hiki na kile, na mpambaji akipiga hesabu ya asilimia yake kimoyomoyo. Simulizi hiyo iliandikwa miongo miwili baadaye na mtu aliyejua kusisimua ukumbi, lakini kwamba kazi ya Frick ilimtajirisha ni jambo lisilo na shaka.

Mtu kama Frick hakubali kununua vitu vya mamilioni kwa nusu saa iwapo anamshuku anayemwelekeza. Kasi ile ilitokana na jambo lililomalizwa mapema, kwa maandishi.

Vita vilipozuka, de Wolfe aliwauguza nchini Ufaransa wanajeshi walioungua, huduma iliyomletea nishani ya Croix de Guerre na ile ya Légion d'honneur. Mnamo 1926 aliolewa na mwanadiplomasia Mwingereza, Sir Charles Mendl, ndoa iliyowashangaza wengi. Vita vya Pili vilimkimbizia California, kisha akarejea katika nyumba yake ya Villa Trianon huko Versailles, alikofia.

Frick aliishi katika jumba lake kwa miaka mitano pekee kabla ya kufariki mnamo 1919. Lilifunguliwa kuwa makavazi mnamo 1935, lakini vyumba vya ghorofani vilibaki ofisi za wafanyakazi kwa miongo kadhaa. Umma uliruhusiwa kupanda ngazi na kuingia humo kwa mara ya kwanza mnamo Aprili 2025.