Chladni, jamaa aliyefanya sauti ionekane kwa macho

Leo siasa naiweka kando kidogo, nawaletea habari za jamaa mmoja anaitwa Ernst Chladni. Kama fizikia uliikimbia mapema, inawezekana hujawahi kumsikia, na wala si kosa lako.

Alizaliwa Wittenberg, Ujerumani ya leo, mwaka 1756. Baba yake alikuwa profesa wa sheria, mzee mkali kwelikweli, hata kutoka nje kucheza ilikuwa shida. Muziki kaanza kujifunza ana miaka 19, umri ambao sisi tunaambiwa tumeshachelewa. Sheria alisoma kwa kulazimishwa, akamaliza Leipzig mwaka 1782. Mwaka huohuo mzee akafariki, na jamaa akazitupa sheria jumla. Tatizo likawa moja: kazi hana, maabara hana.

Sasa cheki alichofanya. Alichukua bamba jembamba la metali, akalishika katikati, akanyunyiza mchanga juu yake. Halafu akachukua upinde wa fidla, ule wanaosugulia nyuzi, akausugua kwenye ukingo wa bamba. Bamba likalia, na mchanga ukaanza kukimbia wenyewe! Ulipotulia ukawa umechora nyota, miduara, mistari ya kukatana. Ukibadilisha mahali pa kugusa kwa kidole, sauti inabadilika na mchoro nao unabadilika. Sababu ni rahisi tu: bamba likilia halitetemi sawasawa kila mahali. Panapotetema sana panaurusha mchanga, panapotulia ndipo unapokusanyika. Hayo aliyachapisha kwenye kitabu mwaka 1787, na mpaka leo michoro hiyo inaitwa kwa jina lake.

Chuo kikuu hakuwahi kupata ajira. Alichofanya ni kutengeneza ala zake za muziki, mojawapo iliitwa eufoni, ya vijiti vya kioo vinavyosuguliwa kwa vidole vyenye maji. Akapakia mzigo kwenye gari la farasi, akazunguka Ulaya miaka na miaka, mji kwa mji. Watu wanalipa kiingilio, anawapigia muziki, halafu anawaonyesha mchanga unavyocheza. Burudani na somo kwa tiketi moja! Mwaka 1809 alifika Paris mpaka mbele ya Napoleon mwenyewe, ambaye alitoa faranga 6,000 ili kitabu chake kingine kitoke kwa Kifaransa. Hesabu za michoro ile ziliwashinda wataalamu, ikatangazwa zawadi. Aliyeichukua mwaka 1816, baada ya kujaribu mara tatu, ni mwanamke, Sophie Germain, enzi ambazo wanawake hawakuruhusiwa kusoma chuo.

Kinachonikera ni hiki. Shule ya msingi niliyosoma mimi tuliimba kila siku: mchakamchaka, mstarini, mpaka wageni wakija. Ngoma ilikuwepo stoo. Lakini siku ya somo la sauti mwalimu aliandika ubaoni kwamba sauti ni mtetemo, tukanakili, tukakariri, basi. Mtetemo wenyewe hatukuuona. Ngoma ipo hatua 20 kutoka darasani jamani! Chembe za mchanga juu ya ngozi zingetosha, mmoja apige, wengine watazame.

Na kama ngoma hakuna, mimi nimejaribu hivi: kopo la maziwa, kata chini na juu liwe wazi (muangalie watoto wasijikate), vuta puto lililokatwa likaze upande mmoja, nyunyiza chumvi kidogo. Imba kwa nguvu kupitia upande wa chini. Chumvi inarukaruka, na ukipandisha au kushusha sauti inabadili mpangilio. Binamu yangu wa darasa la tatu aligoma kurudisha kopo.

Halafu huyuhuyu Chladni ndiye aliyeandika mwaka 1794 kwamba vimondo vinatoka angani, nje ya dunia. Wengi walimcheka. Mwaka 1803 vikaanguka mawe kibao pale L'Aigle, Ufaransa, kicheko kikaisha. Kwa hiyo mkienda kupiga picha kwenye kimondo cha Mbozi, mkumbukeni.

Alifariki Breslau mwaka 1827, akiwa bado yuko safarini na mihadhara yake.

Walimu wa shule za msingi mnaopita hapa, kuna aliyewahi kuingiza ngoma kwenye kipindi cha sayansi? Ilikuwaje? Tupeni habari hapo chini.