Schillings: Mtu aliyempiga picha simba gizani, na punda aliyelipa gharama

Leo ukimpiga picha yangeyange kwenye jaruba la mpunga pale Kintinku, simu inafanya karibu kila kitu yenyewe. Inapima mwanga, inachagua nani aonekane vizuri, na ukitaka inafifisha kila kilicho nyuma yake.

Zaidi ya miaka 120 iliyopita, kuna jamaa alifanya hayo yote kwa mkono. Tena usiku, bila uhakika kama mnyama atakuja.

Ni Carl Georg Schillings, aliyezaliwa mwaka 1865 mjini Düren, Ujerumani. Kati ya 1896 na 1903 alikuja mara kadhaa Afrika Mashariki, enzi za ukoloni wa Wajerumani. Alizunguka maeneo ya Kilimanjaro, Mto Pangani na nyika za Wamaasai. Alianza kama mwindaji, na bunduki hakuiacha. Ila kamera ndiyo iliyompa jina.

Kamera za wakati huo hazikuwa mchezo. Picha ilinaswa kwenye kioo kilichopakwa dawa, na mizigo yote ilibebwa na wapagazi vichwani.

Mchana alitumia lenzi ndefu ili kumvuta mnyama aliye mbali. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Lenzi ndefu inapofunguliwa sana ili kupata mwanga, sehemu inayoonekana vizuri inakuwa nyembamba mno. Twiga anaweza kutoka vizuri huku mti ulio nyuma yake ukawa kama ukungu. Ukikosea umbali kidogo tu, hata twiga mwenyewe anapotea.

Usiku ilikuwa ngumu zaidi, maana huwezi kumlenga mnyama usiyemwona. Schillings alichagua mahali kwanza, akaipima lenzi hapohapo, kisha akatega kamba. Mnyama akiigusa, unga wa magnesiamu unalipuka kwa mwanga mkali na kamera inanasa picha.

Maana yake picha ilipangwa kabla mnyama hajafika. Akipita hatua mbili pembeni, unabaki na mkia tu, au ukungu mtupu.

Sasa, utamfanyaje simba apite pale pale ulipopima? Schillings alifunga punda au ng'ombe kama chambo. Simba alikuja, na picha ikatoka safi: simba anang'aa mbele, nyuma giza tupu, hakuna kinachovuta jicho pembeni. Giza hilo lilitokana na mwanga kutofika mbali, lakini linampa mtazamaji kitu kimoja tu cha kuangalia.

Mwaka 1905 kitabu chake kilitoka kikiwa na picha kibao, na jina lake likawa kubwa Ulaya. Watu waliozoea michoro na wanyama waliojazwa majani kwenye makumbusho waliona simba wa kweli akiwa porini usiku.

Baadaye Schillings akageuka mtetezi wa wanyama, akionya kwamba bunduki zitawamaliza. Naye mwenyewe alikuwa ameua wengi. Alifariki Berlin mwaka 1921, akiwa na miaka 55.

Njia yake haikufa. Mwaka 2010 watafiti walianza kutega kamera 225 Serengeti. Nazo zinapimwa mapema na kusubiri, ila badala ya kamba zinahisi joto na mwendo. Picha nyingi zinatoka vibaya: sikio moja, mgongo, majani matupu. Lakini hakuna punda anayefungwa.

Hapo ndipo tofauti ilipo kwa yeyote mwenye simu au kamera. Kuchagua mahali, kupima umbali, kuacha nyuma pasiwe na vurugu na kusubiri, hayo tunaweza kujifunza kwa Schillings. Kumlazimisha mnyama aje tulipopima, hapana. Yangeyange akiruka, mwache aende, atarudi.