Daktari wa Jicho Moja

Tangu nijiunge na Chama cha Kiswahili nimesoma humu maisha ya wanasiasa, wanariadha na waandishi wa vitabu. Daktari sijamwona hata mmoja. Basi mwaka huu nimeomba nafasi nimlete wangu. Jina lake ni Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi jirani zetu Uganda kwa miaka ishirini, na ambaye jina lake lilibandikwa ugonjwa mbaya wa watoto. Wengine hukumbukwa kwa barabara na viwanja vya mpira, yeye akapewa saratani!

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Babake alikuwa mhandisi, kazi yake barabara na madaraja, lakini mapenzi yake yalikuwa kwa ndege. Mzee huyo aliwanasa ndege wadogo wa bustanini, akawavisha pete miguuni, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anamiliki kipande gani cha ardhi. Naomba msomaji aiweke ramani hiyo akilini, maana tutaihitaji mbele ya safari.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja balaa lilimfika. Vijana walikuwa wakirusha mawe, jiwe moja likampiga usoni na kuvunja miwani yake. Jicho la kulia likapotea. Tangu siku ile hadi kaburini aliona kwa jicho moja tu, lile jingine lilikuwa la kioo. Mwaka 1929 aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi, mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini hakukaa huko sana. Alikuwa mtu wa dini, akaamini kwamba Mungu anamwita kwenye udaktari, akahama. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akafuzu upasuaji kule Edinburgh.

Akaomba kazi ya serikali ya kikoloni huko Afrika Magharibi. Wakamkataa. Ati mpasuaji wa jicho moja atapasua nini? Hapo wengi wetu tungekata tamaa, tukarudi nyumbani kulaumu waliorusha mawe. Yeye alingoja. Vita vya Pili vya Dunia vikaja, jeshi likamchukua kama daktari, na kwa njia hiyo akafika Afrika Mashariki, Kenya yetu ikiwemo. Vita vilipokwisha aliomba kazi tena, safari hii Uganda, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, wilaya ya Lango.

Sasa nitataja jambo ambalo wavulana wa viti vya nyuma naomba wasilichekee. Huko Lira, Burkitt aliwapasua wanaume wengi wenye mabusha. Ni ugonjwa wa aibu na mwenye nao hujificha, hataki hata mkewe aujue. Daktari mwingine angepasua, akashona, akamwita anayefuata. Burkitt alianza kumwuliza kila mgonjwa swali dogo: kwenu ni wapi? Kumbe wengi walitoka upande wa mashariki wa wilaya. Alipokwenda kuhesabu akaona kwamba mashariki karibu wanaume 30 katika kila 100 walikuwa na tatizo hilo, na magharibi pengine mmoja tu. Wilaya ni ile ile, chakula kile kile, serikali ile ile! Aliandika habari hiyo katika jarida la Lancet mwaka 1951. Baadaye ilieleweka kwamba mabusha ya namna hiyo huletwa na minyoo wanaoenezwa na mbu. Mimi naona hapa ndipo Burkitt alipojifunza kazi yake hasa. Swali la kwenu ni wapi hakuliacha tena maisha yake yote.

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Miaka tisa ikapita kwa kazi za kawaida za mpasuaji, mifupa iliyovunjika, ngiri, matumbo yaliyojifunga. Halafu siku moja mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wadini akamwone mtoto wa miaka mitano. Uso wa mtoto huyo ulikuwa umevimba pande zote, taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yanalegea na kukaa ovyo. Burkitt alishangaa. Kama ni jipu, kwa nini liwe pahali panne? Na kama ni saratani, tangu lini ikaanza pahali panne kwa mpigo? Hakuwa na jibu. Akampiga picha na moyo ukabaki mzito.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja akizungukia wagonjwa. Alipotupa jicho nje ya dirisha, lile lile moja, alimwona mtoto ameketi nyasini na mamake. Uso ulikuwa umevimba vile vile. Aliacha alichokuwa akifanya, akatoka nje. Alipompapasa tumbo akakuta kuna uvimbe humo pia.

Hapa naomba ruhusa nitoke kidogo kwenye hadithi. Huku kwetu karibu na ziwa, mtoto akivimba shavu neno la kwanza ni jino. Mtoto mmoja wa mtaani petu alivimba hivyo, akapelekwa kwa mtu ambaye sitamtaja, akang'olewa magego mawili kwa siku moja. Shavu likazidi kukua. Majirani wakaanza kunong'ona mambo ya kijicho. Mamake alipomfikisha hospitali kubwa alirudi na kijitabu, akaniletea nimsomee kwa sababu mimi ndiye wa shule ya upili kwenye ploti yetu. Nikaona neno Burkitt. Nikadhani ni jina la dawa! Mwalimu wetu wa bayolojia ndiye aliyenieleza kwamba ni jina la mtu, na tangu siku hiyo nikaanza kumtafuta mtu huyo vitabuni. Uvimbe huu, kama alivyonieleza mwalimu, ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote za binadamu. Unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo wiki tatu za kung'oa meno na kunong'ona si wiki tatu za mchezo.

Turudi Mulago. Burkitt alifungua mafaili ya zamani ya hospitali na kupekua moja moja. Watoto walikuwemo tele, ila kila mmoja alikuwa ameandikwa kivyake, huyu uvimbe wa taya, yule wa figo, mwingine wa jicho, na hakuna aliyewahi kuwaweka pamoja. Hata Albert Cook, yule mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameandika habari za mataya kama hayo miaka mingi nyuma. Mwaka 1958 Burkitt alichapisha maelezo ya watoto 38. Wataalamu wa hadubini pale Kampala wakagundua kwamba yote ni saratani moja, ya chembechembe za kinga ya mwili.

Na swali lile likarudi. Watoto hawa kwao ni wapi? Alituma vikaratasi vyenye picha kwa mamia ya hospitali barani, akiwauliza madaktari kama wamewahi kuona sura kama hizi, na majibu yalipokuja akayatia alama kwenye ramani ukutani. Ramani ile ikawa na mkanda mpana katikati ya Afrika. Mpaka wake wa kusini uko wapi? Hilo halingejulikana kwa barua.

Tarehe 7 Oktoba 1961 alitoka Kampala na marafiki wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wote madaktari wa misheni, katika gari kuukuu aina ya Ford. Walisafiri kwa wiki kumi, maili 10,000, yaani kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipitia hospitali zaidi ya hamsini. Gharama yote haikufika pauni 700. Kila hospitali walitoa picha, wakauliza, wakaandika, wakaingia garini. Barabara za wakati huo mnaweza kuzifikiria wenyewe.

Waliporudi ramani ilikuwa na sura kamili. Ugonjwa ulikuwa mahali penye joto na mvua. Penye baridi haukuwepo, na karibu na ikweta haukuvuka mwinuko wa futi 5,000 hivi. Milima ya Rwanda na Burundi ilibaki mitupu. Mkichukua atlasi ya shule mtaona kwamba Nairobi iko juu ya kiwango hicho, na Kisumu, Busia na pwani nzima ziko chini yake. Kwa maneno mengine, ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Babake na ndege zake, mnamkumbuka?

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nimheshimu kuliko ramani. Burkitt alikuwa mpasuaji, na mpasuaji mkate wake ni kisu. Lakini kisu kilikuwa kinafanya nini kwa watoto hawa? Ungekata taya la mtoto, ukamwacha na nusu ya uso, na uvimbe ungerudi. Mashine za mionzi hazikuwepo Uganda. Burkitt alikubali kwamba ufundi wake haufai hapa, jambo ambalo si rahisi kwa mtu aliyesomea ufundi huo miaka mingi. Akaweka kisu chini, akaanza kujaribu dawa mpya za saratani alizopewa na Wamarekani. Hapa Nairobi, Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo, alikuwa akifanya majaribio kama hayo.

Mulago hakukuwa na vifaa vya kupima damu kila siku kama Ulaya, hivyo Burkitt aliogopa kuwapa watoto dawa nyingi. Aliwapa kidogo. Kilichotokea kiliwashangaza hata wenyewe waliotengeneza dawa. Nyuso zilinywea kwa siku chache, na wengine walipona kabisa, hata baada ya dozi moja au mbili. Si wote, la hasha. Wengi ugonjwa uliwarudia. Lakini wakati ule neno saratani na neno kupona yalikuwa hayakai sentensi moja, na hapa palikuwa na watoto wa vijijini wakirudi shuleni na mashavu yao ya zamani. Ni vizuri pia nitaje kwamba alikuwa akiwapiga picha mwenyewe, kabla na baada, na wagonjwa wasiporudi kliniki hakuona taabu kuwafuata makwao kujua wako hai au la.

Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya safari ile ndefu, alikuwa London kutoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex. Kijana mmoja mtafiti, Anthony Epstein, aliingia kusikiliza na akatoka akiamini kwamba ugonjwa wenye mipaka ya ramani lazima una kijidudu. Wakapatana Burkitt awe anamtumia vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakupata kitu. Mwezi wa Desemba 1963 ndege ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester, na kichupa kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka. Mwingine angemwaga. Epstein alitazama kwanza, akakuta uchafu ule ni chembe za saratani zenyewe zinaelea, hai kabisa. Kutokana nazo yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walivipata virusi mwaka 1964, virusi vya kwanza kujulikana kuleta saratani kwa binadamu. Karibu kila mtu huvibeba bila madhara. Kwa mtoto anayeumwa malaria mara kwa mara ndipo hatari huzidi.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akiwa na mkewe Olive, aliyekuwa muuguzi, na binti zao watatu. Mngedhani atapumzika. Wapi! Aliamka na swali jingine, kwa nini Wazungu wanaugua saratani ya utumbo na kufunga choo kuliko watu aliowaacha Afrika? Jibu lake lilikuwa nyuzinyuzi za chakula, zile makapi na maganda ambayo viwanda vya unga huyatupa. Akaanza kupima vinyesi vya watu, uzito wake na muda unaochukua kutoka, na kuonyesha picha zake mbele ya maprofesa waliovaa tai. Kitabu chake cha mwaka 1979 kiliuzwa sana. Si kila alichodai kimethibitishwa, lakini tangu wakati wake mkate wa rangi ya kahawia ulianza kuheshimiwa. Nyanya yangu na ugali wake wa mtama hakungoja profesa yeyote.

Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya Uingereza, heshima ambayo wanasayansi huilalia macho. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 huko Gloucester, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82. Virusi vya Epstein vilikuwa vimejulikana kwa miaka ishirini na tisa, na watu walikuwa bado wanatafuta chanjo yake. Hata leo wanaitafuta.