Seebohm Rowntree, Mtu Aliyehesabu Umaskini

Mara nyingi tunasikia ya kuwa maskini ni maskini kwa sababu ya uvivu au ulevi. Waingereza wengi wenye mali walisema hivyo hivyo zaidi ya miaka mia iliyopita, wala hawakuulizwa ushahidi. Hapa nawaelezeni habari za mtu aliyekwenda kuutafuta ushahidi wenyewe.

Benjamin Seebohm Rowntree alizaliwa mwaka 1871 katika mji wa York, kaskazini ya Uingereza. Baba yake, Joseph, alikuwa na kiwanda kikubwa cha kakao, na jamaa yao walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Marafiki. Seebohm alisoma kemia huko Manchester, kisha mwaka 1889 akaingia kazini katika kiwanda cha baba yake.

Siku zile tajiri mmoja, Charles Booth, alikuwa amechunguza maisha ya watu wa London kwa fedha zake mwenyewe, akaona ya kuwa watu kama 30 katika kila 100 ni maskini. Seebohm akajiuliza, je, ni London tu, au hata mji mdogo kama York?

Basi mwaka 1899 uchunguzi ulianza. Alimwajiri mtu wa kuzunguka nyumba kwa nyumba, na wengine wakasaidia. Jamaa 11,560 za wafanya kazi, yaani watu 46,754, waliandikwa: wangapi nyumbani, kazi gani, kodi kiasi gani. Kisha akapiga hesabu ya chakula, kodi, nguo na kuni. Akaona ya kuwa baba, mama na watoto watatu hawawezi kuishi kwa chini ya shilingi 21 na peni 8 kwa juma. Katika hesabu hiyo hamkuwa na nauli, gazeti wala tumbako.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1901. Watu 20,302, karibu 28 katika kila 100 wa mji mzima, walikuwa katika umaskini. Miongoni mwao wapo ambao mapato yao yasingetosha hata kama kila peni ingetumiwa kwa busara. Na zaidi ya nusu ya hao, mwenye kuwalisha alikuwa akienda kazini kila siku, ila mshahara ulikuwa mdogo.

Jawabu hilo lilikuwa zito kwake, maana yeye mwenyewe alikuwa mwajiri. Lakini hakulificha. Mwaka 1906 kiwanda chao kilianzisha malipo ya uzeeni, na mwaka 1918 aliandika kitabu cha kudai mshahara unaotosha mahitaji ya mtu. Uchunguzi wake ulisaidia pia kuwaamsha wakuu wa serikali, waliotunga sheria ya malipo ya wazee mwaka 1908 na ya bima mwaka 1911. Aliichunguza York tena mwaka 1936 na mwaka 1950, akafariki mwaka 1954.

Kazi yake haikufa naye. Mwaka 1904 baba yake alikuwa ametoa sehemu kubwa ya mali yake kuanzisha wakfu tatu, na mmoja wao, uitwao sasa Joseph Rowntree Foundation, hugharimia uchunguzi wa umaskini mpaka leo. Serikali ya Uingereza nayo iliunda baraza la kutoa fedha za uchunguzi wa jamii mwaka 1965, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Michael Young. Njia hizo mbili zina faida yake: serikali ina fedha nyingi za watu wote, na wakfu unaweza kuuliza hata swali ambalo serikali haipendi kuulizwa.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naona umaskini nao ni hivyo. Usipoandikwa, wenye shibe watasema haupo, au watamlaumu mwenye njaa. Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, tusimhukumu jirani kabla hatujahesabu mshahara wake.