Tsvet: Jamaa aliyefichua walinzi wa njano ndani ya jani

UKITAZAMA sukuma wiki unaona kijani tu. Kumbe ndani yake mna rangi za njano zilizojificha, na kazi yake mojawapo ni ulinzi. Aliyebuni mbinu ya kuzitenganisha ni Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea kutoka Urusi. Jina lake lenyewe, kwa Kirusi, ni rangi!

Tsvet alizaliwa 1872 mjini Asti, Italia. Mamake alifariki muda mfupi baadaye, naye akalelewa Uswisi. Mwaka wa 1896 alipata shahada ya udaktari jijini Geneva, lakini alipohamia Urusi haikutambuliwa. Hakufa moyo. Alianza upya, akapata shahada nyingine Kazan 1901, kisha akaenda kufundisha Warsaw.

Huko ndiko alikotangaza mbinu yake. Alishindilia unga wa chaki ndani ya mrija wa kioo, akamimina juu yake rangi za majani zilizoyeyushwa. Kila rangi ilishuka kwa kasi yake, zikajipanga kama mistari ya bendera: kijani aina mbili, na njano kadhaa. Mnamo 1906 aliiita mbinu hiyo kromatografia. Miaka mitano baadaye, kundi la rangi za njano akalipa jina karotenoidi.

Baada yake, wanasayansi walielewa kazi ya karotenoidi. Jua likizidi, klorofili hubeba nishati kupita kiasi na inaweza kuipa oksijeni, ambayo hugeuka kali na kuharibu seli. Karotenoidi huichukua nishati hiyo na kuitoa kama joto. Hata jicho lako hutumia mojawapo, luteini, kujikinga na mwanga mkali. Mwili hauwezi kuitengeneza. Lazima uile, na sukuma wiki inayo tele.

Lakini wakati wa uhai wake wakubwa wa kemia waliitilia shaka mbinu hiyo, akiwemo Richard Willstätter, mshindi wa Nobel ya 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia navyo vikamtimua Tsvet kutoka Warsaw, akawa wa kuhamahama. Alifariki Voronezh 1919, akiwa na miaka 47 pekee.

Mwaka wa 1931 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, waliifufua kazi yake, na kiongozi wao, Richard Kuhn, akatuzwa Nobel ya 1938. Leo kromatografia hupima dawa hospitalini na hata mkojo wa wanariadha wetu wanaoshukiwa kutumia pufya. Tsvet hakuyaona hayo yote.