Santiago Ramón y Cajal

Santiago Ramón y Cajal (Petilla de Aragón, Hispania, 1 Mei 1852 – Madrid, Hispania, 17 Oktoba 1934) alikuwa daktari na mwanasayansi kutoka Hispania aliyechunguza muundo wa ubongo na neva. Mwaka 1906 alipokea Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Camillo Golgi wa Italia.

Maisha

Baba yake, Justo Ramón, alikuwa daktari mpasuaji. Santiago alikuwa mtoto mtundu: akiwa na miaka 11 alifungwa kwa siku chache kwa sababu alivunja lango la jirani kwa mzinga aliojitengenezea. Alitaka kuwa mchoraji, lakini baba yake hakukubali, akampeleka kujifunza kazi kwa kinyozi na kwa fundi viatu. Mwaka 1868 baba alimchukua makaburini kutafuta mifupa ya kusomea umbo la mwili. Kijana aliichora mifupa hiyo, na hapo akavutwa na udaktari.

Alihitimu Zaragoza mwaka 1873, akatumwa Kuba kama daktari wa jeshi, na huko aliugua malaria. Mwaka 1879 alimwoa Silveria Fañanás, wakapata watoto saba. Baadaye alikuwa profesa Valencia, Barcelona (1887) na Madrid (1892).

Utafiti

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba neva zote zimeungana kuwa wavu mmoja usiokatika. Golgi, aliyekuwa miongoni mwao, alikuwa amevumbua mwaka 1873 njia ya kutia rangi nyeusi kwa chumvi ya fedha. Njia hiyo hugusa seli chache tu, lakini kila iliyoguswa huonekana nzima pamoja na matawi yake. Cajal aliiona Madrid mwaka 1887, akaiboresha. Alichagua ubongo wa viinitete na wanyama wachanga, ambao nyuzi zake hazijafunikwa bado na mafuta yanayozuia rangi. Alichokiona katika hadubini alikichora kwa mkono, na michoro yake hutumika hata leo.

Mwaka 1888 alitangaza kwamba matawi ya seli za neva hukaribiana bila kuungana. Alichapisha habari hiyo katika jarida alilolianzisha mwenyewe, ambalo nje ya Hispania halikuwa na wasomaji wengi. Kwa hiyo mwaka uliofuata alisafiri hadi Berlin na hadubini yake, akawaonyesha wanasayansi wa Ujerumani vipande vyenyewe. Albert von Kölliker alishawishika na kumuunga mkono. Golgi hakushawishika kamwe: hata alipopokea Tuzo ya Nobel alitumia hotuba yake kuipinga nadharia ya Cajal, ingawa ilitokana na rangi yake mwenyewe. Ni katika miaka ya 1950 tu hadubini ya elektroni ilipoonyesha wazi mwanya ulio kati ya seli mbili.

Seli za neva na kumbukumbu

Kama seli hazikuungana, basi miunganiko yao inaweza kubadilika. Mwaka 1894, katika hotuba mbele ya Royal Society mjini London, Cajal alidokeza kwamba mazoezi ya akili huongeza na kuimarisha miunganiko hiyo. Hakuwa na njia ya kulijaribu wazo hilo.

Njia ilipatikana kwa konokono wa baharini aitwaye Aplysia. Ana seli za neva takriban 20,000 tu, na baadhi ni kubwa kiasi cha kuonekana bila hadubini. Akiguswa, huvuta matamvua yake ndani. Akipigwa shoti ya umeme mkiani, baadaye huyavuta kwa nguvu zaidi hata akiguswa kidogo tu. Eric Kandel na wenzake nchini Marekani waligundua kwamba shoti moja husababisha kemikali iitwayo serotonini kuongeza nguvu ya ishara kati ya seli kwa muda mfupi. Shoti zikirudiwa, ishara hufika hadi kwenye kiini cha seli, jeni huwashwa, protini mpya hutengenezwa, na miunganiko mipya huota. Konokono hukumbuka kwa siku nyingi, hata wiki. Kandel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, miaka 66 baada ya kifo cha Cajal.