Mtu aliyegeuka zileti

Babu alipofariki aliniachia mashine ya kunyolea ya shaba, nikeli yake imebanduka pembeni. Niliisugua kwa mswaki na maji ya sabuni, kisha nikaenda sokoni hapa Kisangani kutafuta wembe wa kuingia humo. Mama muuzaji hakuniuliza aina wala ukubwa. Alitaka tu kujua nachukua zileti ngapi. Njiani kurudi nikaanza kumfikiria mtu aliyejificha ndani ya neno hilo la Lingala yetu: King Camp Gillette.

Alizaliwa Fond du Lac, Wisconsin, mwaka 1855, akakulia Chicago. Moto mkubwa wa 1871 uliteketeza mali ya familia yake, na kwa miaka mingi akawa mchuuzi wa kusafiri, akiuza bidhaa za wengine.

Wanaotumia nyembe zake wachache wanajua kwamba aliuchukia ushindani wa biashara. Katika kitabu chake cha 1894, The Human Drift, alitaka kampuni moja, mali ya wananchi wote, izalishe kila kitu, na Wamarekani karibu wote wahamie mji mmoja unaoendeshwa kwa nguvu za maporomoko ya Niagara. Sisi majirani wa maporomoko ya Wagenia tusimcheke haraka.

Mwajiri wake, William Painter, mvumbuzi wa kizibo cha bati cha chupa, alimshauri abuni kitu ambacho mteja hukitumia, hukitupa, kisha hurudi kununua kingine. Mwaka 1895, akijinyoa kwa wembe wa kukunja uliokuwa butu, Gillette akakiona. Mashine za kunyolea zenye kinga zilikuwepo tayari, lakini wembe wake ulikuwa mnene na ulihitaji kunolewa. Yeye aliwaza kipande chembamba cha chuma chenye makali pande mbili, cha bei ndogo hata kutupwa kusiume. Wataalamu wakamwambia haiwezekani. Ilichukua miaka sita hivi, na aliyefanikiwa si yeye, ni mhandisi William Nickerson. Kwa maoni yangu huyu ndiye aliyestahili neno, ila mwanzo wa jina lake kwa Kiingereza unatamkwa sawasawa na neno la kujikata kidogo. Nani angenunua?

Kampuni ilianzishwa Boston mwaka 1901. Mwaka 1903 iliuza mashine 51 na nyembe 168; mwaka uliofuata, mashine 90,000 hivi. Katika Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Marekani iliwanunulia askari wake mashine milioni 3.5. Picha yake yenye masharubu ilizunguka dunia juu ya pakiti. Naye bado aliota ile kampuni moja ya wote: mwaka 1910 alimwahidi Theodore Roosevelt dola milioni moja aiongoze, akakataliwa. Baadaye ugomvi na wenzake, ununuzi wa ardhi na anguko la uchumi la 1929 vilimmaliza. Alifariki California mwaka 1932, mali karibu yote imekwisha.

Wembe wa leo bado unaingia katika mashine zake za 1904. Nilinunua zileti tano. Ya kwanza iliingia katika mashine ya babu bila kulazimishwa.